Albamu za jazz zenye Kiswahili ndani: zipi zina muziki na zipi zina jina tu

Ukikaa na watu wa jazz ukauliza nani anasikiliza nini siku hizi, nusu watakwambia Kind of Blue ya Miles Davis, nusu nyingine A Love Supreme ya Coltrane, na wala siwabishii, hizo ni albamu ambazo unazirudia miaka na miaka na bado kuna kitu kinakupita. Ila tuseme ukweli tumeshazisifia mpaka basi. Mi miezi hii nimehamia kwenye fungu lingine kabisa, kazi za Wamarekani weusi za kuanzia 1958 hivi mpaka mwanzoni mwa miaka ya 70, ambazo ukisoma majina yake utadhani zimerekodiwa Dar au Mombasa: Uhuru Afrika, Mwandishi, Kawaida, Tanganyika Strut. Wengi wetu tukiziona tunacheka kidogo, "kha, na hawa nao", tunapita. Sasa nimeamua kuzisikiliza moja moja, hedifoni masikioni, simu mbali, nijue kama muziki wenyewe upo au ni Kiswahili cha kupambia kava. Nyingi zinastahili hela yako. Ipo ambayo, samahani, ni jina tu.

Naanza na mkubwa wao, Uhuru Afrika ya Randy Weston, maana hii ndo iliyonifanya nianze huu msako.

Weston alikuwa mpiga piano wa Brooklyn, pande la mtu, zaidi ya mita 2 kwenda juu, na ukisikia mkono wa kushoto unavyoshuka kwenye zile noti nzito za chini unajua kabisa huyu mtu viganja vyake si vya kawaida. Novemba 1960 akajaza studio New York watu zaidi ya 20. Mwaka ule mmoja nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, Tanganyika ilikuwa bado inasubiri Desemba ya mwaka unaofuata, na Weston mwenyewe alikuwa hajawahi kukanyaga bara hili, safari yake ya kwanza, Lagos, ilikuja 1961. Kwa hiyo jamaa anaipigia muziki Afrika ambayo hajaiona. Hapo wengi wangeishia kugonga tumba mbili tatu na kuita "safari". Yeye akaenda kwa Langston Hughes, mshairi mkubwa wa Harlem, akamwomba maneno, alafu akamtafuta Mtanganyika aliyekuwa kwenye mambo ya Umoja wa Mataifa pale New York, Tuntemeke Sanga, jina ambalo waliofuatilia siasa za Tanzania wanalijua vizuri, na Sanga ndo anayeghani lile shairi kwa Kiswahili kwenye ufunguzi.

Aisee. Mi nilijua habari hii kabla sijaisikia albamu na bado ilinishtua. Umezoea ukiweka jazz ya 1960 unakutana na Kiingereza na "one two three four", hapa unakutana na mzee wa nyumbani, Kiswahili chake kimenyooka, hana haraka, anatamka kila silabi kama yuko mbele ya mkutano wa hadhara, na nyuma yake ngoma zinatembea. Hakuna anayemwigiza. Ndo tofauti kubwa na albamu nyingine zote nitakazozitaja, huyu alimwita mwenye lugha akampa maiki.

Alafu muziki wenyewe sasa. Upangaji wa vyombo vya kupuliza ni wa Melba Liston, mwanamke, mpiga tromboni, na hapo ujue ni enzi ambazo mwanamke kwenye bendi kubwa kazi yake ilikuwa kusimama mbele aimbe. Kama wewe umelelewa na dansi la bendi zetu, unajua ile raha ya matarumbeta na saksofoni kujibizana, upande huu unauliza upande ule unajibu, basi Liston anafanya hivo ila na jeshi zima: Clark Terry na Freddie Hubbard kwenye tarumbeta, Yusef Lateef, Sahib Shihab, Gigi Gryce, Cecil Payne. Na kwenye ngoma kamuweka Olatunji wa Nigeria pamoja na Candido na Armando Peraza, Wacuba, alafu Max Roach na Charlie Persip kwenye drams. Sikiliza kipande cha tatu, Bantu, usikilize tumba tu, achana na mengine yote. Kila ngoma unaisikia iko sehemu yake na ina lahaja yake, halafu hazikanyagani. Nimeirudia hiyo sehemu usiku mpaka mtu wa ndani akaniuliza kama wimbo umekwama.

Kipande cha mwisho, Kucheza Blues, Weston alikitunga kama sherehe ya siku Afrika yote itakapokuwa huru, na kweli ni sherehe, kila mpulizaji anapewa nafasi yake ajimwage. Kinachonishinda ni cha pili, African Lady. Maneno ya Hughes ni mazuri, Martha Flowers ana sauti ya soprano ya hatari na Brock Peters ana ile besi ya kifua, ila uimbaji ni wa kiopera, wa ukumbini, na mi opera haijawahi kunikaa. Nairuka mara nyingi. Wengine wanasema ndo roho ya albamu, sawa, masikio hayafanani. Lalamiko langu lingine ni kwamba Sanga anaondoka mapema mno, ningeongezewa dakika hata tano za yule mzee ningeshukuru. Serikali ya makaburu kule Afrika Kusini iliipiga marufuku hii albamu, na ukiisikiliza unaelewa kwa nini iliwauma.

Sasa tuje kwa Mwandishi.

Herbie Hancock wengi wanamjua kwa Head Hunters, ile yenye Chameleon, besi yake hata watoto wa hip hop wanaijua. Lakini kabla ya hapo, kati ya 1970 na 1973, alikuwa na bendi ya watu sita ambayo kila mmoja alibeba jina la Kiswahili. Herbie akawa Mwandishi, Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Billy Hart wa drams Jabali, Bennie Maupin akawa Mwile, Julian Priester wa tromboni akawa Pepo Mtoto, hili la Pepo Mtoto mi kila nikiliona lazima nicheke, na Eddie Henderson wa tarumbeta akawa Mganga. Na Mganga wala hakupewa cheo cha bure, jamaa ni daktari kweli, kasomea udaktari na akawa anatibu wagonjwa huku anapiga tarumbeta. Majina haya yalitoka kwa James Mtume, nitamrudia baadaye.

Albamu yenyewe, Mwandishi, ilirekodiwa San Francisco siku ya mkesha wa mwaka mpya, 31 Desemba 1970, ikatoka 1971. Nyimbo 3 tu. Ya kwanza, Ostinato, imetolewa kwa Angela Davis, mwanaharakati wa Wamarekani weusi, ambaye siku ile alikuwa mahabusu akisubiri kesi. Besi inaanza, inazunguka, na we mguu wako unaanza kugonga chini kama kawaida, unagonga, unagonga, alafu unashangaa umeanguka nje ya mdundo. Ni kwa sababu mzunguko una mapigo 15. Ile ya 16 ambayo mwili wako unaisubiri haiji, duru inaanza upya kabla hujaweka mguu chini. Ukizoea, baada ya dakika kama nne hivi, unaacha kuhesabu na unaanza kuyumba nayo, na hapo ndo Maupin anaingia na klarineti ya besi, ule mlio wa chini chini kama mtu anazungumza peke yake gizani, na Herbie kwenye Fender Rhodes, ile piano ya umeme, anarusha vipande vidogo vidogo vya umeme. Kuna wapiga drams wawili kwa mpigo, Jabali na kijana wa miaka 18 aliyeitwa Leon Chancler, jina lake la bendi Ndugu. Ndugu huyo huyo miaka kumi na kitu baadaye ndo alipiga drams za Billie Jean ya Michael Jackson. Kwa hiyo umeshamsikia Ndugu maelfu ya mara kwenye maharusi bila kujua.

Wimbo wa pili ni mtulivu, tarumbeta la Mganga na filimbi ya Maupin, ukitaka kumwingiza mtu mgeni kwenye albamu hii mwanzishie hapo. Wa tatu ndo kazi. Wandering Spirit Song, kautunga Priester, zaidi ya dakika 20, unaanza polepole sana kwa wapulizaji kuvuta noti ndefu, unadhani ni wimbo wa msibani, alafu katikati kila kitu kinavunjika, hakuna mdundo wa kushika, kila mtu na lake, alafu wanarudi taratibu pale walipoanzia. Sikiliza, huu usiuweke ukiwa unaosha vyombo. Na usiuweke kwenye spika ya simu kabisa, besi ya Buster Williams yote inapotea na unabaki na kelele za juu za matoazi na Rhodes, alafu unaenda kusema Herbie alikuwa anapoteza muda. Nilimsikia mtu mmoja akiiponda hii albamu nikamuuliza alisikilizia wapi, akanijibu kwenye daladala. Jamani.

Je Kiswahili kipo ndani? Kwa masikio, hapana. Hakuna mtu anayesema neno hata moja, ni majina kwenye kava basi. Lakini mi hii siiweki kwenye kundi la "jina tu", kwa sababu unasikia watu waliokubaliana kuacha kuwa mabosi. Herbie ndo mwenye bendi na kuna dakika nzima nzima humsikii kabisa, kawaachia wenzake. Hilo kwenye jazz ya wakati ule halikuwa jambo dogo, na nadhani majina yaliwasaidia, ukishaitwa Jabali huwezi kupiga kinyonge.

Crossings ya 1972 ni bendi hiyohiyo, wameongeza sintesaiza ya Moog ikipigwa na Patrick Gleeson, na upande wote wa kwanza ni wimbo mmoja, Sleeping Giant, karibu dakika 25. Ni kali kuliko Mwandishi sehemu zake za funki, ila ule upande wa pili Maupin kautunga mgumu, sauti za ajabu ajabu, mi nauheshimu zaidi ya kuupenda. Sextant, albamu yao nyingine, sijaikamata vizuri, nitaiacha. Bendi ilivunjika 1973, haikuwa inaingiza hela, Herbie akamchukua Maupin peke yake wakaenda kutengeneza Head Hunters na utajiri ukaja. Maisha.

Hapa niseme kitu kimoja ambacho kinanifurahisha kila nikifikiria. Miaka hiyohiyo wenzetu Brooklyn na San Francisco wanajiita Mwandishi na Mganga na wanapiga jazz, huku kwetu tulikuwa na Western Jazz, Morogoro Jazz, Nuta Jazz, Tabora Jazz, na hakuna aliyekuwa anapiga jazz, wote walikuwa dansi tupu, rumba na twist na cha cha. Wao walichukua majina yetu, sisi tulichukua la kwao, na kila upande ukaendelea na shughuli zake.

Haya, za haraka haraka.

Tanganyika Strut, 1958, ya Wilbur Harden na John Coltrane, kampuni ya Savoy. Hii ndo niliyosema ni jina tu. Usinielewe vibaya, ni jazz nzuri ya hard bop, Coltrane yuko moto, Curtis Fuller na tromboni yake yuko vizuri, Art Taylor kwenye drams hana makosa. Ila ukiondoa jina ungeweza kuiita Chicago Strut na hakuna kitakachobadilika. Hamna cha Tanganyika pale, si mdundo si chochote. Inafaa Jumapili mchana ukipiga pasi.

Mr. Kenyatta, huu ni wimbo mmoja ndani ya Search for the New Land ya Lee Morgan, mpiga tarumbeta, ila nauweka kwa sababu ya tarehe. Kenya imepata uhuru 12 Desemba 1963, hawa jamaa wameingia studio Februari 1964, miezi miwili tu. Yaani habari ilikuwa bado ya moto. Ni wimbo wa kuchangamka, una mwendo wa mtu aliyevaa suti mpya, Grant Green kwenye gitaa anacharaza noti moja moja safi kabisa, na Herbie tena kwenye piano, kijana wa miaka 23 wakati huo. Albamu nzima ni nzuri mno, wimbo wa kwanza wenye jina la albamu mi nauweka juu kuliko The Sidewinder ambayo ndo iliyompa Morgan umaarufu. Najua watu watanirushia mawe kwa hilo.

Filles de Kilimanjaro ya Miles, 1968. Majina ya nyimbo yote ni ya Kifaransa, na Kilimanjaro yenyewe inasemekana imetokana na biashara ya kahawa ambayo Miles alikuwa ameweka hela yake. Kwa hiyo Mchagga asitegemee kujikuta humo. Lakini kimuziki ni albamu tamu, Miles yuko njiani kuelekea umeme, bado hajafika, na Tony Williams kwenye drams wimbo wa mwisho, Mademoiselle Mabry, anafanya kitu kidogo sana kwa dakika nyingi sana na hakichoshi. Kwenye kava ni mke wake Betty. Kama umezoea Kind of Blue na unaogopa Bitches Brew, ile yake ya umeme, daraja lako ni hili.

Sasa James Mtume. Huyu ndo aliyekuwa mwenyewe wa hii habari yote. Alikuwa California kwenye kundi la Maulana Karenga, yule aliyeanzisha Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi, 1966, na kule Kiswahili kilikuwa lugha ya harakati, watu wanafundishana salamu na majina, Tanzania ya Mwalimu inaangaliwa kama mfano. Baba yake mzazi ni Jimmy Heath wa saksofoni, baba yake mdogo Albert Heath wa drams, na Desemba 1969 akawaingiza wazee wake studio pamoja na Herbie, Buster Williams na Don Cherry, wakarekodi Kawaida. Nyimbo zinaitwa Baraka, Maulana, Kawaida, Dunia, Kamili. Jimmy Heath kwenye hii anaitwa Tayari. Wazee waliokulia kwenye bebop wanafuata mawazo ya kijana wa miaka 20 na ushee anayepiga tumba, na unasikia kabisa kuna sehemu hawana uhakika wanaelekea wapi, na mi hilo ndo ninalolipenda, kila mtu anamsikiliza mwenzake kwa tahadhari. Siyo albamu iliyokamilika, kuna dakika inalegea, sauti ya studio ni ya kawaida tu, lakini Don Cherry anapoingia na tarumbeta lake dogo nywele zinasimama.

Alafu kuna Alkebu-Lan, ya Mtume na kundi lake la Umoja Ensemble, imerekodiwa laivu Agosti 1971 Brooklyn kwenye kituo kilichoitwa The East, ambako palepale walikuwa na shule ya watoto inayoitwa Uhuru Sasa. Santuri mbili. Hii haina ganzi, inaanza kwa maneno, Mtume anahutubia, alafu waimbaji, fidla ya Leroy Jenkins, saksofoni za Gary Bartz na Carlos Garnett, Stanley Cowell kwenye piano, Billy Hart tena. Ukumbi unaitikia. Inachosha? Ndiyo, kuna sehemu hotuba ni ndefu kuliko muziki na kama siyo wa siasa utasonya. Lakini kuna wimbo humo unaitwa Utamu na kuna mwingine, Saud, umetolewa kwa mpiga piano McCoy Tyner, huo ukianza piano inavyopandisha na tumba zinavyofuata, kaa chini kwanza. Kuna kitu cha kanisani na cha ngomani kwa pamoja. Mtume baadaye akaenda kupiga na Miles kwa miaka kadhaa, na miaka ya 80 akaja na Juicy Fruit, ile ambayo rapa Biggie aliichukua kwenye wimbo wake Juicy. Ukimwambia kijana wa leo kwamba mtu wa Juicy ndo aliyesambaza majina ya Kiswahili kwenye bendi ya Herbie Hancock hakuamini.

Kwa mwenye hela ya albamu moja tu, achukue Uhuru Afrika. Ya pili Mwandishi. Ya tatu Search for the New Land, hiyo hata mke au mume asiyependa jazz atakuvumilia nayo. Nyingi zinapatikana kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni na YouTube, ila za YouTube chagua, kuna zilizopakiwa kutoka santuri zilizochakaa, inakwaruza mwanzo mwisho, unamaliza bando na hujasikia besi. Weka ubora wa juu, pakua usiku bando likiwa rahisi, sikiliza kesho yake. Kawaida na Alkebu-Lan ndo shida. Santuri zake za zamani zimegeuka bidhaa za wakusanyaji, na kuna muuzaji mmoja wa mtandaoni, simtaji, alinitumia nyingine kabisa kwenye kava ya Alkebu-Lan, santuri ndani ilikuwa ya muziki wa Krismasi. Kama unamjua mtu mwenye kopi safi, yenye santuri zote mbili na kava halijaliwa na panya, mwambie mi nanunua, ila kwanza aiweke kwenye mashine nisikie kwa simu.